Maswali ya Wasomaji: Kuwafundisha Vijana Waogeleaji wa Mashindano

Barua za mara hii zimetoka kwa makocha na wazazi wa vijana wanaoogelea mashindanoni. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko zote kwa sababu jambo linalozungumzwa humo huua, na huua hata waogeleaji hodari.

Swali: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha kundi la waogeleaji wenye umri wa miaka 11 hadi 14. Kocha aliyenitangulia alikuwa akimaliza mazoezi ya kila siku kwa kuwashindanisha watoto nani ataenda mbali zaidi chini ya maji kwa pumzi moja, na mshindi hupigiwa makofi. Mimi nimeusimamisha mchezo huo kwa kuwa nimesikia kwamba ni wa hatari, lakini watoto wananiuliza sababu nami sina la kuwaeleza. Je, nimekosea? Na nitawafundishaje kubana pumzi wanapojisukuma kutoka ukutani, ilhali mashindanoni jambo hilo linahitajika?
*Kocha mchanga*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukukosea hata kidogo. Sababu yenyewe imo mwilini, na mtoto wa miaka 11 anaweza kuielewa akielezwa taratibu. Watu wengi hudhani kwamba hamu kali ya kuvuta pumzi humjia mtu kwa kuwa oksijeni imemwishia, kumbe kinachoichochea zaidi ni kuongezeka kwa hewa ya kabonidayoksaidi katika damu. Mtoto anayehema harakaharaka mara nyingi kabla ya kuzama haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu damu ya mtu mwenye afya tayari imebeba karibu oksijeni yote inayoweza kuibeba. Anachofanya ni kuifukuza kabonidayoksaidi, yaani anamziba mdomo mlinzi ambaye angepiga kelele kwa wakati. Akishazama, misuli inayofanya kazi huitumia oksijeni upesi, hamu ya kuvuta pumzi huchelewa, na fahamu zinaweza kumtoka kabla hajahisi kwamba yumo hatarini. Hata asipohema hivyo kwanza, kurudia mizamo mirefu kwa mapumziko mafupi kunaweza kumfikisha mahali palepale.

Kinachonitisha zaidi ni kwamba ajali ya namna hii haina kelele. Hakuna kupigapiga maji wala kuita. Aliyezimia anaweza kuendelea kusogea kidogo kwa mwendo aliokuwa nao, na anayetazama kutoka ukingoni akadhani anamwona mtoto mwenye bidii. Kisha mwili wenyewe hulazimisha kuvuta pumzi, na kinachoingia ni maji. Wala usidhani kwamba mwogeleaji hodari yu salama kuliko anayeanza, kwa maana anayeanza huogopa na kuibuka mapema, lakini hodari amezoeshwa, mara nyingi na sisi makocha wenyewe, kuipuuza ile hamu. Ukimwongezea makofi ya wenzake na jicho la kocha anayemheshimu, umemwondolea mtoto kila sababu ya kuibuka.

Kuhusu mashindano, kanuni za World Aquatics, shirikisho la kimataifa ambalo zamani liliitwa FINA, zinataka kwamba katika mtindo huru, wa mgongo na wa kipepeo, kichwa cha mwogeleaji kiwe kimechomoza juu ya maji anapofika mita 15 baada ya kuanza na baada ya kila kugeuka. Kikomo hicho kina historia yake. Katika Olimpiki ya Seoul ya mwaka 1988, baadhi ya washindani wa mita 100 za mtindo wa mgongo, wakiwamo David Berkoff wa Marekani na Daichi Suzuki wa Japani, waliupita zaidi ya nusu ya urefu wa kwanza wa bwawa wakiwa chini ya maji, na Suzuki akatwaa medali ya dhahabu. Baada ya hapo shirikisho liliweka kikomo, na mwaka 1998 kikaufikia mtindo wa kipepeo pia. Mtoto anayezoeshwa kwenda mita 25 au 50 kwa pumzi moja, basi, anazoeshwa jambo ambalo katika mitindo hiyo lingemfutia matokeo.

Unachohitaji kuwafundisha ni ubora wa mita chache. Wape mateke ya pomboo, yaani miguu yote miwili ikipiga pamoja kama mkia wa samaki huyo, ya mita 5 hadi 10 kutoka ukutani, mwili ukiwa umenyooka na mikono imebana masikio, kisha waibuke na kuogelea kwa kupumua kawaida hadi upande wa pili. Wapumzike mpaka pumzi itulie kabisa ndipo warudie. Marufuku ya kuhemahema kabla ya kuzama iwe ya kila siku, na kila mtoto ajue kwamba anaweza kuibuka wakati wowote bila kuulizwa wala kuadhibiwa. Usiwahi kutumia kubana pumzi kama adhabu ya kuchelewa au ya utovu wa nidhamu. Jambo la mwisho, ambalo makocha wengi hulichukulia wepesi, ni kwamba wewe uliyeshika saa ya kupimia muda huwezi kuwa mwokoaji wakati huohuo. Awepo mtu mwenye mafunzo ya uokoaji ambaye kazi yake ni kuyatazama maji tu. Pakikosekana mtu huyo, mazoezi yaahirishwe.

Swali: Bwawa tunalolitumia lina kina cha mita 1 upande wenye majukwaa ya kuanzia, na upande wa pili kina kinafika mita 2 lakini hakuna majukwaa. Wazazi wanashinikiza watoto waanze kujifunza kuruka kutoka jukwaani kabla ya mashindano yajayo. Nifanyeje?
*Kocha wa vijana*

Jibu: Usiwarushe hapo. Viwango vya World Aquatics vinataka bwawa lenye majukwaa liwe na kina kisichopungua mita 1.35, kuanzia mita 1 hadi mita 6 kutoka ukutani, na jukwaa lenyewe huwa na kimo cha mita 0.5 hadi 0.75 juu ya maji. Kiasi hicho ni cha chini kabisa na kimewekwa kwa washindani waliokwisha kujifunza. Mtoto anayejifunza hukosea pembe ya kuingilia, hushuka wima, na kichwa kikigonga sakafu uzito wote wa mwili hufuata shingo. Uti wa mgongo ukiumia mahali hapo, huenda asitembee tena.

Hamia upande wa mita 2. Aanze akiwa ameketi ukingoni, kisha akiwa amepiga goti, kisha akiwa amesimama, na asipande hatua mpya kabla ya ile ya nyuma kuwa imara. Kiganja kimoja kiwe juu ya kingine, viwiko vinyooke na kichwa kikae katikati ya mikono mpaka mwili wote uwe umeingia. Kwa jukwaa tafuta bwawa lingine lenye kina cha kutosha, hata kama ni kwa siku chache tu. Wakati wa kupasha mwili moto, ambapo msongamano huwa mkubwa, kila mmoja aingie kwa miguu, mkono ukishika ukuta, isipokuwa katika njia iliyotengwa kwa kuruka, ambayo wote huogelea kuelekea upande mmoja. Wazazi waeleze haya kwa maandishi, pamoja na vipimo vya bwawa, kwa kuwa mzazi akishaviona vipimo hivyo mara nyingi shinikizo hupungua lenyewe.

Swali: Binti yangu mwenye miaka 12 aliongoza mita 100 za mtindo wa kifua, lakini jina lake likaondolewa kwenye matokeo. Kocha wake anasema mwamuzi ana chuki. Tufuate njia gani?
*Mzazi mwenye uchungu*

Jibu: Pole sana, mzazi mwenzangu, kwa machozi ya mtoto. Hatua ya kwanza ni kuomba sababu iliyoandikwa, kwa kuwa mwamuzi anayetoa ripoti ya kosa huandika ni kosa gani. Mtindo wa kifua ndio wenye mitego mingi kwa watoto. Mikono yote miwili lazima iguse ukuta kwa wakati mmoja ikiwa imetengana, kwenye kugeuka na kwenye kumaliza. Mtoto aliyechoka ambaye mkono mmoja umetangulia kidogo tu amekwisha kukosea. Baada ya kuanza na kila kugeuka anaruhusiwa teke moja tu la pomboo kabla ya teke la kwanza la mtindo wenyewe, na ruhusa hiyo imekuwapo tangu mwaka 2005 tu, baada ya mabishano makali yaliyozuka katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004. Mguu mmoja ukipiga kama mkasi, hilo nalo ni kosa.

Mkiona kwamba kanuni imetumiwa vibaya, kanuni za World Aquatics zinampa kiongozi wa timu nafasi ya kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa mwamuzi mkuu ndani ya dakika 30 baada ya shindano husika kumalizika. Mashindano ya ndani yanaweza kuwa na utaratibu wake, hivyo usomwe kabla ya siku yenyewe. Lakini mwambie kocha, kwa upole, aache kumsingizia mwamuzi chuki mbele ya mtoto. Binti wa miaka 12 akiambiwa kwamba alionewa, hana la kurekebisha. Akiambiwa kwamba mkono wa kushoto ulitangulia, Jumatatu ana kazi ya kufanya, na kazi hiyo humalizika kwa majuma machache ya kugusa ukuta ipasavyo katika kila urefu wa mazoezi.

Swali: Alfajiri huwa nabaki na mwogeleaji mmoja tu, kijana wa miaka 15 anayejiandaa kwa mashindano makubwa. Ninamtumia ratiba kwa simu usiku, na mara nyingine humrudisha nyumbani kwa gari langu. Sina nia mbaya yoyote, lakini mwenzangu ananiambia ninavunja kanuni. Kweli?
*Kocha aliyeshangaa*

Jibu: Mwenzako amekuambia ukweli, na ninafurahi kwamba umeuliza badala ya kukasirika. Kanuni za kulinda watoto michezoni hazikuandikwa kwa kukutuhumu wewe. Zimeandikwa kwa kuwa kocha ana mamlaka juu ya ndoto ya mtoto. Yeye ndiye anayeamua nani ataogelea kwenye timu ya kupokezana na nani atasafiri, na mtoto anayetegemea uamuzi huo hawezi kwa urahisi kumwambia mtu mzima kwamba hataki. Anayetaka kumdhuru mtoto mara nyingi huanza na yaleyale unayoyafanya kwa wema: mazoezi ya peke yao, ujumbe wa usiku, lifti ya gari. Mtoto akishazoeshwa kwamba hayo ni ya kawaida, hatakuwa na alama ya kumtambulisha kocha mbaya atakapokutana naye.

Basi badilisha utaratibu, si moyo wako. Mazoezi ya alfajiri awepo mtu mzima wa pili, au yafanyike mahali ambapo mtu mwingine anaona na anaweza kuingilia wakati wowote. Ratiba itume kwenye kundi ambalo mzazi yumo, au umnakilishe mzazi katika kila ujumbe. Lifti isiwepo, na dharura ikitokea mzazi ajulishwe na kukubali kabla hamjaondoka. Katika vyumba vya kubadilishia nguo simu zisitumike kabisa, na wewe usiingie peke yako wakati watoto wamo. Ukihitaji kurekebisha mkao wa bega au kiwiko cha mtoto, mweleze kwanza unachotaka kufanya, mwombe ruhusa, na ufanye hivyo mbele ya wengine. Picha za chini ya maji za kurekebisha mtindo zina faida kubwa, lakini zipigwe kwa idhini ya mzazi na zisikae kwenye simu yako binafsi.

Ukisikia au ukishuku kwamba mtoto ameguswa au kunyanyaswa na mtu yeyote, usianze uchunguzi wako mwenyewe. Peleka habari kwa mamlaka mara moja. Nchini Marekani, sheria iliyotiwa saini mwaka 2018 inawataka watu wazima wanaohusika na watoto katika michezo ya namna hii kuripoti ndani ya saa 24. Hata mahali ambapo sheria haijataja saa, sioni sababu ya kocha kungoja zaidi ya hizo.

Swali: Mwanangu ana pumu na daktari amempa salbutamoli ya kuvuta. Je, anaweza kushindana bila kuhesabiwa kwamba ametumia dawa zilizokatazwa? Pia kocha huwapima uzito watoto wote ukingoni na kusoma namba kwa sauti. Hilo ni sawa?
*Mama wa mwogeleaji*

Jibu: Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa kwa kiwango kisichozidi mikrogramu 1,600 katika saa 24, na kisichozidi 600 katika saa 8 zozote. Dozi ya kawaida ya mtoto iko chini ya hapo, lakini vidonge au dawa ya maji ya salbutamoli havimo katika ruhusa hiyo. Orodha ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Zisizoruhusiwa Michezoni, WADA, huanza kutumika upya kila tarehe 1 Januari, kwa hiyo ihakikishe kila mwaka pamoja na daktari. Virutubisho vya unga na vidonge vya nguvu anavyopewa na wenzake avikatae, kwa kuwa mwanamichezo huwajibika kwa kinachokutwa mwilini mwake hata kama hakujua. Siku ambayo harufu ya klorini ndani ya ukumbi ni kali na watoto wengi wanakohoa, mtoe majini na umwombe msimamizi afungue hewa, kwa maana harufu hiyo hutokana na klorini iliyochanganyika na jasho na uchafu wa miili, nayo huwasha njia za hewa. Kocha ajue dawa ya mwanao iko wapi, nayo ikae ukingoni, si ndani ya begi lililofungiwa kabatini.

Kuhusu kupimwa uzito hadharani, si sawa, na mwombe kocha aache leo. Vijana wa umri huo wanakua, na uzito kuongezeka ni dalili ya afya. Mtoto anayeaibishwa kwa namba hiyo hujifunza kula kidogo kuliko mahitaji ya mazoezi yake, na matokeo yake ni mifupa dhaifu, uchovu usiokwisha, na kwa wasichana kukatika kwa hedhi. Kama ipo sababu ya kitabibu ya kumpima, ampime mhudumu wa afya, faraghani, wewe ukiwepo.