Maswali na Majibu: Hema Halina Ukuta

Likizo zikikaribia, maswali ya wanaokwenda kupiga kambi hunifika kwa mafungu, hasa ya wanaokwenda kwenye zile kambi ndogo zinazoendeshwa na familia kwenye ardhi yao wenyewe. Nimechagua machache. Atakayeona jibu lake limekuwa kali ajue kuna wenzake wengi waliouliza vivyo hivyo kabla yake, na nao hawakusoma tangazo lililobandikwa getini.

Tulifika kambini saa tatu usiku. Mapokezi hapakuwa na mtu. Tukabisha hodi nyumba ya pembeni, akatoka mzee na kijiko mkononi, uso kaukunja. Hii ndiyo huduma ya wateja? – Mteja Aliyelipa

Hiyo nyumba ya pembeni ndiyo kwake, na kijiko kile alikuwa anakulia. Kwenye kambi ya familia, aliyepokea simu yako ndiye anayefyeka nyasi, ndiye anayezibua choo, na anayekuuzia kuni ni binti yake. Hakuna wa zamu. Saa ya mwisho ya kufika iliandikwa kwenye ujumbe wa kuthibitisha nafasi yako, ule ambao wengi wenu mnautazama bei tu na kuufunga.

Ukiona safari inachelewa, piga simu kabla jua halijazama. Mwenye kambi akijua, atakuwekea taa, atakuandikia namba ya nafasi yako, atakuelekeza choo kilipo, kisha atakula chakula chake kwa amani. Na kufika gizani kuna hasara zake hata asipokasirika mtu. Huoni mteremko, huoni kijibonde kitakachogeuka dimbwi mvua ikinyesha, wala huoni tawi kavu lililoning'inia juu ya kichwa chako. Mimi mwenyewe niliwahi kupiga hema usiku kwa tochi ya simu, nikajisifu kwa kazi safi. Asubuhi nikagundua nimelipiga katikati ya njia ya kwenda chooni. Nilisalimiwa na kambi nzima kabla sijapiga mswaki.

Hema letu jipya linavuja. Mvua haikunyesha, lakini tuliamka tukakuta matone kwa ndani na mifuko ya kulalia imelowa. Tumrudishie muuzaji? – Wanne Tuliolowa

Mvua haikunyesha, umesema mwenyewe. Basi maji hayo yametoka vinywani mwenu. Mtu mmoja kwa usiku mmoja hutoa karibu glasi nzima ya maji kwa pumzi na jasho. Mko wanne, mmefunga kila zipu kwa kuogopa baridi, mvuke umegusa kitambaa kilichopoa nje, umekuwa maji. Fungueni matundu ya hewa ya juu na ya chini, hata kama kuna baridi, na msianike nguo mbichi ndani. Mwachieni muuzaji wa watu biashara yake.

Swali hili nimelijibu mwaka jana na mwaka juzi. Mwakani nitachora picha.

Usiku kulikuwa na baridi kali. Je, tukiingiza jiko la mkaa hemani, makaa yakiwa yameshakolea na hayatoi moshi, kuna ubaya? – Mama wa Watatu

Usithubutu, mama. Na nisome mpaka mwisho, kwa sababu hilo neno "hayatoi moshi" ndilo linaloua watu.

Makaa yaliyokolea hutoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikereketi koo. Ikiingia mwilini hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, kwa hiyo unapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito. Nani aliyeshinda juani akakimbizana na watoto asiyekuwa na dalili hizo usiku? Ndiyo maana watu hulala nayo wasiamke. Jiko linaloonekana limezima ni hatari vilevile, na kuliweka kwenye kibaraza cha hema, chini ya turubai, hakusaidii. Jiko la gesi nalo lisilale nanyi. Mtu akilalamika kichwa hemani na kulikuwa na moto karibu, mtoeni nje kwanza, muite msaada, maelezo yafuate baadaye.

Sasa nikujibu ulichopaswa kuuliza. Baridi ya hemani kwa sehemu kubwa hutoka chini. Uzito wa mwili hubana ule mfuko wa kulalia upande wa mgongo, ukibanwa hauhifadhi joto, na ardhi inakunyonya usiku kucha. Lile godoro la kujaza upepo mnalolipenda ni baya zaidi, maana hewa yake huzunguka na kupoa. Tandikeni mkeka wa povu chini yake, au blanketi ambalo mngejifunika. Wavisheni watoto soksi kavu na kofia. Ukiwa na chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa nguo, iweke miguuni. Hayo yanatosha.

Mvua ilinyesha siku zote mbili. Tunaweza kudai pesa zetu? – Tulionyeshewa

Mvua si ya mwenye kambi.

Kwa nini wanatukataza kuja na kuni zetu? Naona ni njama ya kutuuzia zao. – Mjanja

Zao watakuuzia, na hakuna dhambi. Lakini sababu ni wadudu. Chini ya ganda la kuni kavu hukaa mayai na mabuu usiyoyaona. Nchini Marekani, mwaka 2002, huko Michigan, aligunduliwa mdudu mmoja wa kijani kutoka Asia ambaye mabuu wake hutoboa miti ya ashi chini ya ganda na kuukata mkondo wake wa maji na chakula. Mwenyewe kwa mabawa yake hasafiri mbali sana. Kilichomsambaza kwa haraka ni magari yaliyobeba mbao, miche na kuni, zikiwemo kuni za wapiga kambi wajanja kama wewe. Miti iliyokufa inahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Mwenye kambi anaishi kwa kivuli cha miti yake. Ikikauka, anabaki na uwanja. Kuni choma zilizokatwa hapo hapo au karibu na hapo, na utakazobakiza usirudi nazo nyumbani. Wala usimkatie matawi yake mabichi; hayawaki, yanafuka tu, na moshi wake unakwenda kwa jirani.

Majirani zetu walipiga muziki mpaka saa saba usiku. Tuliwaambia wapunguze, wakasema wako nafasi yao na wamelipia. Je, wana haki? – Niliyekesha

Hawana. Kambi nyingi zina saa za ukimya, aghalabu kuanzia saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na kwa kuwa ardhi ni ya mtu binafsi, mwenyewe ana uwezo wa kumfungia mgeni virago usiku huo huo. Mlichokosea ni kwenda kugombana ninyi. Mwendeeni mwenye kambi, au pigeni ile namba ya dharura. Mkimwambia asubuhi wakati wa kuaga, mmemchelewesha, na hapo ndipo wengine huenda kumwandikia nyota moja kwa jambo ambalo hakuambiwa.

Hili la kelele nimelisema mara nyingi na nitalisema tena. Hema halina ukuta. Ni kitambaa. Kinazuia macho, basi. Mtu akishavuta zipu anajiona yuko chumbani kwake, anaanza kusema mambo ya chumbani. Kwenye kambi moja nimesikiliza, bila kutaka, ugomvi mzima wa mke na mume kuhusu nani alimkopesha shemeji pesa. Asubuhi tulikutana bombani, tukasalimiana, mimi nikijua kiasi.

Na usiku sauti husafiri kuliko mchana. Ukiwa usiku mtulivu, hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepanda ikapotea, hupinda ikarudi chini. Kwa hiyo ile spika uliyoipunguza "kidogo tu" inasikika vizuri kabisa mahema kumi mbele, hasa mdundo wake. Vivyo hivyo mlango wa gari unaobamizwa, na ile milio ya gari likifungwa kwa rimoti kila mtu anapokumbuka kitu. Funga gari kwa ufunguo. Na taa ya kichwani ielekeze chini unapokwenda chooni; hema likimulikwa, aliye ndani huona kama amepelelezwa.

Muziki kama huwezi kuukosa, kuna visikilizi. Spika waachie wenye kumbi.

Tunalala kwenye karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, na umeme wa nafasi yetu hukatika kila asubuhi tukichemsha maji. Mwenye kambi anasema tatizo ni sisi. – Wa Karavani

Ni ninyi. Angalieni kiboksi cha umeme kimeandikwa ampea ngapi. Tuseme ni 10, kwa volti 230: hapo mna wati 2,300, hamna zaidi. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000. Mmeacha hita ya wati 1,500 inaunguruma, jumla 3,500, breka inakata, na inakata kwa sababu inafanya kazi yake. Zimeni hita, chemsheni maji, washeni tena. Waya wa kuongezea uwe wa nje, mzito, na ukunjuliwe wote. Ukiubakiza umejiviringa kwenye gurudumu lake huku unavuta mzigo mkubwa, hupata joto hadi kuyeyuka.

Chooni wameandika tusitupe waipsi, vile vitambaa vyenye unyevu vya kujifutia, lakini pakiti yangu inasema zinafaa kutupwa chooni. Nimwamini nani? – Msafi

Mwamini atakayevaa glavu kuzitoa. Kambi hizi kwa kawaida ziko mbali na bomba la maji taka la mji. Zina tangi lililofukiwa ardhini, na ndani yake bakteria ndio wanaofanya kazi yote ya kumeng'enya. Karatasi ya chooni husambaratika ikilowa. Waipsi zimefumwa kwa nyuzi ili zisichanike mkononi, kwa hiyo hata ndani ya bomba hazichaniki: husokotana, zikawa kamba, kamba ikawa kizibo. Choo kikiziba kwenye kambi ya familia huenda ndicho pekee, na foleni yote inakugeukia macho.

Dawa kali za kuua vijidudu msimimine humo kwa nia njema ya kusafisha. Mnaua wale bakteria. Choo cha karavani kimwagwe mahali pake palipotengwa tu, na uliza kwanza ni dawa gani inayoruhusiwa. Na kwa kuwa tumefika chooni: osheni mikono kwa sabuni na maji. Ile jeli ya mkononi haifui dafu mbele ya norovirusi, kile kirusi cha kutapika na kuhara kinachopenda mahali ambapo watu wengi wanatumia koki moja.

Bafuni nako tuhurumiane. Bomba la kuogea hutoa lita 8 hadi 10 kwa dakika. Ukisimama chini yake dakika 15 ukiimba, umemaliza lita 120 au zaidi, na nyuma yako kuna mtoto anayesubiri na taulo.

Tumelipia watu wanne. Binamu zetu sita wakija kushinda tu, wasilale, kuna shida? – Ukoo

Uliza kwanza. Hao sita watakwenda choo kile kile.

Radi zikianza tuko hemani, tubaki au tukimbilie chini ya mti? – Mwoga

Yote mawili ni mabaya. Hema halikingi radi hata chembe, na mti mrefu ndio unaoitafuta. Ingieni kwenye jengo la kudumu au kwenye gari lenye bodi na paa la chuma, vioo mkivifunga. Hesabuni sekunde kutoka kumweka hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni takriban kilomita moja, lakini msicheze na hesabu hiyo, maana ukisikia ngurumo tu tayari uko karibu vya kutosha. Mkae humo mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Siku ya kwanza tu mkifika, kabla hamjapiga kigingi, angalieni mtakimbilia wapi na ni hatua ngapi. Haya si ya kutafutana saa nane za usiku na watoto wanalia.

Tuliufukia moto kwa mchanga kabla ya kulala, vizuri kabisa, hata cheche haikuonekana. Bado mwenye kambi alitugombeza mbele ya watoto. Kosa letu lipi? – Tulioaibishwa

Kuufukia ndiko kosa. Mchanga haukuuzima, uliufunika blanketi. Makaa yaliyofukiwa hubaki na moto kwa saa nyingi, mpaka kesho yake, na juu panaonekana ni mchanga tu, mahali pazuri pa mtoto kuchezea pekupeku. Moto huzimwa kwa maji. Unamwaga, unakoroga na kijiti, unamwaga tena mpaka mlio wa kuchemka ukome na jivu liwe uji.

Kwenye kambi moja niliyozoea kwenda, mama mwenye kambi hupita alfajiri na ndoo, kabla wageni hawajaamka. Anachuchumaa penye kila moto, anasogeza mgongo wa kiganja juu ya jivu, taratibu, kama anayempima mtoto homa. Akihisi joto anamwaga maji, anakoroga, anasonga mbele. Nilimuuliza kwa nini hamwachii mwanawe kazi hiyo. Akamwita kijana akaja, mrefu kuliko mimi, akamwambia anionyeshe unyayo wake.