Muulize Nesi: Maziwa yanatoa sumu ya tina?

SWALI: Shikamoo mama nesi. Mimi ni fundi samani hapa Keko, Dar es Salaam, kazi yangu kupuliza vanishi iliyochanganywa na tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi. Ikifika jioni kichwa kinagonga na najisikia kama nimelewa, na pombe sinywi. Bosi anatununulia maziwa kila siku, anasema yanasafisha kifua. Mwenzangu anayepaka gundi sponji za makochi analalamika vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mikono tunanawa kwa petroli, tina chafu tunamwaga nyuma, karibu na kisima. Tuongeze maziwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Maziwa kunyweni, ni chakula. Ila yenyewe yanakwenda tumboni, na tina unaivuta kwa pumzi: mapafuni, kwenye damu, hadi ubongoni. Hayo mawili hayakutani. Bosi wenu amepata namna ya kuwajali kwa bei ya nusu lita.

Ulevi wako kwa kawaida ni kazi ya toluini, kemikali iliyojaa kwenye tina nyingi. Barakoa ya kitambaa, au ile ya vumbi la msasa, haizuii mvuke. Inayotakiwa ni ile ya mpira yenye vichujio vya mkaa. Ukianza kusikia harufu ukiwa umeivaa, kichujio kimekwisha, badilisha. Pulizia nje, upepo ukitokea nyuma yako. Na jiko la mama lishe likae mbali, maana mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini mpaka kwenye moto.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni mwenzako. Gundi nyingi za namna hiyo zina heksani, ambayo mwili huigeuza kuwa sumu ya mishipa ya fahamu. Mishipa mirefu ndiyo huanza kuumia, ndiyo maana vidole vya miguu. Mafundi viatu wa Japani na Italia waliumia hivyo hivyo miaka ya 1960 na 1970. Nikiwa kazini, fundi wa gundi akija nilimwambia kwanza avue viatu, afumbe macho, nimguse vidole kwa pamba. Wengine walikuwa wananiuliza, "Umeshaanza?"

Aiache gundi leo, aende hospitali na kopo lake mkononi. Asikate tamaa ganzi ikizidi hata baada ya kuacha. Huwa inazidi kwanza kwa wiki au miezi, ndipo ianze kupungua polepole.

Petroli mikononi hapana kabisa. Ina kemikali iitwayo benzini, inayosababisha saratani ya damu, nayo hupenya hata kwenye ngozi. Jipakeni mafuta ya kula, futeni kwa kitambaa, kisha sabuni.

Tina chafu iwekeni kwenye kopo lenye kifuniko ituame. Ile safi ya juu oshea bunduki ya rangi tena. Tope la chini lisimwagwe: mchanga wa huko hauzuii kitu, litateremka hadi kisimani, na maji ya kisima hicho hata yakichemshwa msiyanywe.