Bodaboda anaweza kwenda bungeni bila chama?

SWALI: Shikamoo Mjomba. Naendesha bodaboda hapa Kahama, nina miaka 34, elimu yangu darasa la saba. Wenzangu wa kijiweni wananisukuma nigombee ubunge 2030. Vyama sivitaki, vyote nimeviona. Naweza kusimama peke yangu?

JIBU: Marahaba. Darasa la saba halikuzuii. Ibara ya 67 ya Katiba inataka raia aliyetimiza miaka 21, anayejua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Unakwama palepale kwenye ibara hiyo: lazima uwe mwanachama wa chama cha siasa, na chama kiwe kimekupendekeza. Hata uenyekiti wa kitongoji huugombei bila chama.

Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania hii mahakamani mpaka basi. Alishinda Mahakama Kuu 1994, Katiba ikabadilishwa ili mgombea binafsi azuiwe. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, ileile ya Arusha, ikampa haki. Amefariki 2015, ibara iko vilevile.

Kwa hiyo ni kadi, mwanangu, na ukishaipata unakutana na wajumbe, wale wa chama wanaopiga kura za maoni kumpata mgombea. Mimi nilitia nia 2015, chama sikitaji. Fomu haikunifilisi, nilifilisiwa pembeni ya ukumbi. Mjumbe anakushika kiwiko: "Mheshimiwa, tumekuja na bodaboda, dereva yuko nje anasubiri." Unatoa. Anakuja wa pili, dereva ni yuleyule! (Ninyi mnazijua siku hizo kuliko mimi.) Siku ya kura za maoni watu kumi na tisa waliniminya mkono, "tupo pamoja". Nikapata kura nne, na moja nilijipigia. Uliposambaa ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe siyo watu wazuri, nilicheka peke yangu sebuleni.

Miaka hii iliyobaki ihamishie kwenye tawi: vikao, misiba, ada. Abiria wako wanakupenda, lakini si wajumbe.

Na hao wa kijiweni, waulize wangapi wamo kwenye daftari la wapiga kura la jimbo. Fomu ya tume inataka wadhamini 25 waliojiandikisha humo. Rafiki yangu aliyefika hatua hiyo aligundua usiku kwamba mdhamini mmoja ameandika jina la utani, Mzee wa Vumbi. Alimfuata shambani alfajiri, maana fomu zinafungwa saa kumi jioni.