Jibu: Nimepita kazi nyingi za jamii, je, nimepotea njia?

Mdogo wangu wa Kongwa, unasema miaka sita umepita VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), kamati ya maji, sasa msaada wa kisheria, na nyumbani wanakuona mtu wa kurukaruka. Wasikutishe. Anayechimba kisima bila kujua mgogoro wa ardhi uliopo pale anachimba ugomvi. Mimi nilianzia Bahi na mbuzi wa kukopesha (ukame uliwamaliza, tuyaache).

Ila makaratasi yaweke sawa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua msaidizi wa kisheria, hivyo fuatilia usajili wako kwanza. Kwenye wasifu usirundike miradi, andika kilichobadilika. Kwa mfano, Baraza la Ardhi la Kijiji, linalosuluhisha migogoro ya ardhi, lina wajumbe saba, watatu wanawake: kwenu wanawake hao wanasema, au wanasaini tu?