Mkasi wa Kupogolea Zabibu na Ganzi ya Vidole

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni kibarua katika mashamba ya zabibu huku Mpunguzi, Dodoma. Kila msimu wa kupogoa, kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia huingia ganzi, hasa usiku. Nyapara wetu husema mkono utazoea. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, hilo si jambo la kuzoea. Neva inayohudumia vidole hivyo hupita kwenye njia nyembamba ya kifundo cha mkono, ikibanana na kano tisa za kukunjia vidole. Kifundo kikipinda huku ukiminya mkasi, msukumo ndani ya njia hiyo huongezeka. Na kwa kuwa mkono uliopinda hupungukiwa nguvu ya kushika, utajikuta unaminya zaidi.

Tazama kwanza mkasi wenyewe. Mpini mfupi huishia katikati ya kiganja na kukidunga kila unapominya, hivyo tafuta usiopungua urefu wa milimita 100. Mkasi ukiwa wazi, mipini isiachane zaidi ya milimita 90, na ukifungwa isikaribiane chini ya 50. Springi iufungue yenyewe, ili vidole visifanye kazi mara mbili. Mipini yenye vijishimo vya vidole, ambayo wauzaji huisifia mno, mimi siipendekezi, kwani vijishimo hivyo huukaa mkono wa ukubwa mmoja tu, na kwa wengine huwa matuta ya kuwaumiza.

Hata mkasi mzuri ukiwa butu utakutesa. Futa utomvu, unoe upande ulioinama wa wembe pekee, na matawi makavu na manene uyakate kwa msumeno wa kupogolea. Aidha, badala ya kukipinda kifundo kulifuata tawi, sogeza miguu mpaka ulielekee.

Nyapara naye akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, kwa hiyo ombi la mkasi unaofaa si ukaidi. Ganzi ikiendelea hadi mchana, au ukianza kuangusha vitu, nenda hospitali bila kungoja msimu uishe, na umweleze daktari kazi unayofanya ili aiandike kwenye kumbukumbu zako za matibabu.