Rangi za kucha za buku: weka hela wapi, acha nini sokoni

Wadada wa Kigoma hebu tuongee ukweli kuhusu hizi rangi za kucha za buku pale Mwanga. Kila mtu anazisema ni feki, hazikai, zinabanduka kesho yake, afu huyo huyo anaenda kununua ya bei mara nne na yenyewe inabanduka kabla wiki haijaisha. Mi nishapaka za machinga, za dukani, za kutumiwa na ndugu kutoka Dar, zote nyumbani kwa mkono wangu mwenyewe, na ninachoweza kukwambia ni kwamba rangi ndo kitu cha mwisho cha kukuumiza kichwa. Chukua yoyote inayokupendeza. Hela iliyobaki kanunue klia nzuri (ile isiyo na rangi) ya kupaka juu na mafuta ya kupaka kuchani, basi.

Sababu yenyewe ni kwamba ndani ya karibu kila chupa, ya buku au ya elfu kumi, kuna nitroselulosi iliyoyeyushwa kwenye vimiminika vinavyokauka haraka, ndo hiyo harufu inayokupanda kichwani ukifungua. Vimiminika vikipaa linabaki ganda. Sasa ganda halishiki kwenye kucha yenye mafuta au yenye maji, hata liwe limetoka Paris, na sisi huku mikono iko kwenye maji kutwa nzima, mara vyombo, mara nguo, mara dagaa. Kucha inakunywa maji, inavimba kidogo, ikikauka inasinyaa, ukipaka muda ule umetoka kufua rangi inakauka juu ya kitu ambacho bado kinasinyaa, lazima ipasuke tu.

Kwa hiyo mi siku ya kupaka siloweki mikono kabisa. Najua saluni wanaloweka, sawa, ila nyumbani napaka jioni nikiwa nimemaliza kazi za maji muda mrefu. Nakata, nafaili kuelekea upande mmoja tu (ule mwendo wa kwenda na kurudi kama msumeno ndo unachana ncha ya kucha matabaka matabaka), afu nachovya pamba kwenye asitoni (ile ya kufutia rangi) kidogo naipitisha juu ya kila kucha hata kama haina rangi, ili mafuta yatoke. Hapo ndo napaka. Na ile ngozi nyembamba ya kwenye shina la kucha usiikate na wembe jamani, ile ndo mlango, ukiikata bakteria wanaingia kidole kinavimba kinatunga usaha, unaanza kulala mkono juu. Isukume taratibu ukitoka kuoga, inatosha.

Kwenye kupaka sasa. Chupa usiitikise, hii tabia kila mtu anayo, unaingiza hewa na baadae unashangaa vimapovu vidogo vidogo juu ya kucha, wewe isugue tu katikati ya viganja izunguke. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, upake mwembamba mpaka uuone mbaya, una michirizi, kucha inaonekana kwa chini, iache hivyo hivyo. Rangi za bei chee ni nyepesi kwa hiyo mtu anataka kuifidia kwa kubandika nene mara moja, inakauka juu tu chini bado mbichi, unajifunika shuka usiku asubuhi unakuta ramani ya shuka kwenye kucha. Mikono mitatu myembamba, unasubiri kila mmoja ukauke, afu klia juu, na hiyo klia uipitishe mpaka kwenye ncha kabisa ya kucha, ule ukingo, maana rangi huanzia pale kumenyeka. Na zile nyekundu iva na za damu ya mzee, weka klia na chini pia, la sivyo ukifuta unakutana na kucha za njano. Ukishakuwa na njano usikimbilie limau, linakausha kucha na ukiwa na kidonda kidogo utaruka, wacha ikue itoke. Kucha za mkono zinakua kama milimita 3 kwa mwezi, yaani kucha nzima ni kama nusu mwaka, za mguu ndo usiulize, mwaka na zaidi.

Mafuta. Hapa Kigoma tuna bahati hatuioni. Watu wanaagiza vichupa vya mafuta ya kucha kwa hela ya maana na mafuta ya mise yapo hapa hapa, yale ya kokwa la ndani la chikichi. Mawese ya kawaida yatakupaka rangi ya chungwa mpaka kwenye mto wa kulalia, ila mise tone moja usiku kwenye shina la kila kucha unasugua, unalala. Harufu yake ipo, siwezi kukudanganya, mwenzio atauliza unakaanga nini. Kama huiwezi nazi inafanya kazi ile ile, kinachotakiwa ni maji ya kwenye kucha yasitoroke haraka. Na glovu za kuoshea vyombo ni hela ndogo, mama wa pale Kibirizi anayeshika dagaa na maji kutwa akivaa glovu kucha zake zitapona kuliko na dawa yoyote ya kuuziwa.

Sasa vya kuacha. Taa za jeli (ile rangi inayokaushwa kwa taa) za bei rahisi na chupa za jeli zisizo na lebo, mi hapana. Jeli isiyokauka vizuri ikigusa ngozi inaweza kukupa aleji, na aleji hiyo ukishaipata haiondoki, na taa dhaifu plus umeme wetu huu ndo kabisa. Afu Umoja wa Ulaya wamepiga marufuku TPO, kemikali ya kusaidia jeli ikauke kwenye taa, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, sasa chupa haina hata jina la kiwanda utajuaje iko ama haiko?

Kucha za kubandika ziko poa kwa sherehe, harusi mbili tatu. Ila gundi yake ikimwagika usiifute na pamba wala kitambaa cha pamba, inapata joto kali ghafla inaunguza kweli, suuza na maji mengi. Kutoa usizing'oe, loweka kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni na mafuta kidogo mpaka zilegee zenyewe. Na ukikuta chini kuna ukijani usiufiche kwa rangi, mara nyingi hiyo si fangasi, ni bakteria wa unyevu uliojifungia, toa kila kitu nenda kamuone daktari. Asitoni nayo tafadhali mbali na jiko la mkaa, inawaka.

Kwa mnaoswali, najua wengi Ujiji hampaki rangi kwa ajili ya udhu, hina ndo jibu na ni rahisi kuliko vyote nilivyosema, inaingia kwenye kucha yenyewe haiweki ganda, na haitoki mpaka kucha ikue. Chagua ile ya unga wa majani inayotoa rangi ya kahawia au wekundu. Ile nyeusi ya haraka, piko, huwa ina PPD, kemikali ya kwenye dawa za kupaka nywele rangi, wengine inawatoa malengelenge, kwa hiyo jaribu padogo kwanza siku mbili kabla, na ikianza kuwasha osha hapo hapo usisubiri ikolee.