Usifuate matatu majini

Novemba 2023, zile mvua za El Nino, nlikuwa natoka mjini Mombasa narudi Bamburi na kaVitz kangu. Daraja la Nyali nimevuka vizuri, kufika mbele ya Kongowea maji yametanda barabara nzima, hujui lami ni ipi wala mtaro ni upi. Matatu iliyokuwa mbele yangu ikaingia, ikapita. Nkajiambia kama huyu amepita basi nami ntapita. Nlisahau matatu iko juu na Vitz tumbo lake liko karibu na lami! Katikati hapo trela likatoka upande wa pili, wimbi likapanda mpaka kwa boneti, gari ikakohoa mara mbili ikazima.

Sasa ujinga wenyewe huu hapa: nkapiga ufunguo tena. Nkasikia "tak!" moja, basi, kimya. Manake maji yashaingia kwa bomba la hewa yakafika kwa silinda, na maji hayabanwi kama hewa, pistoni ikisukuma lazima kitu kipinde. Fundi alipotoa chujio la hewa lilikuwa limelowa kama mahamri yaliyosahaulika kwa chai. Bili sitaitaja, mke wangu husoma hapa.

Kwa hivyo ikikuzimikia majini usijaribu kuwasha kabisa, sukuma itoke (vijana wa kusukuma hawakosi, elewaneni bei kwanza) halafu mwite fundi atoe plagi aangalie kama kuna maji. Na kama hujaingia bado, tazama gari za saizi yako zinafika wapi. Mimi sai maji yakifika nusu ya tairi nageuza, futi moja tu inatosha kukaelesha kagari kadogo. Ukilazimika, ngoja wa mbele atoke kabisa, tia gia ya kwanza, enda mwendo mmoja usiachie mafuta katikati, na ukitoka gusagusa breki zikauke kabla hujazihitaji.

Kingine watu hudharau ni zile dakika za kwanza mvua ikianza baada ya jua la wiki nzima, lami inatoa mafuta yote ya malori, haswa upande wa Changamwe na Kibarani, inateleza kuliko ikishanyesha saa nzima. Acha nafasi mara mbili ya kawaida. Usukani ukiwa mwepesi ghafla jua tairi zinaelea juu ya maji, toa mguu kwa mafuta pole pole, breki usikanyage kwa nguvu. Na hii tabia ya kuendesha na hazadi (zile indiketa zote zikiwaka pamoja) jamani, tutajuaje unakata kona? Washa taa za kawaida inatosha. Vioo vikishika ukungu weka AC, wachana na kitambaa. Waipa nazo jua letu linakausha mpira, badilisha kabla Aprili haijafika.

Mimi siku hizi ikinyesha ile ya kunifanya nisisikie redio naingia petroli stesheni, napaki, nasaka viazi karai. Juzi nlimaliza sahani mbili kabla barabara kuonekana.